Fundi Aliyelamba Baiskeli

Jina lake silitaji. Si kwamba nimelisahau, wala si heshima. Silitaji kwa sababu hata huko kaburini akisikia mie nimelitaja mbele za watu, atajua kanishinda tena, na kushindwa na yule mtu nimeshindwa vya kutosha. Sisi Ikwiriri tulimwita Fundi, basi. Mafundi walikuwepo wengi, wa cherehani, wa saa, wa kuezeka, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, mtu anakunyooshea kidole kwenye banda lake la makuti pale stendi, ubavuni mwa mama muuza vitumbua.

Nilimwonea wivu. Niseme mapema tusichoshane. Nilimwonea wivu masika na kiangazi, nikiwa na afya na nikiwa na homa, kwa sababu moja tu: yule mtu alikuwa akisema neno moja, watu wanaliamini. Mie nasema maneno elfu kumi kabla ya adhuhuri, hakuna anayeamini hata salamu. Mimi wananiita Redio. Nikisema mvua inanyesha, watu wanatoa mkono nje kwanza.

Kazi yake ilikuwa kukagua baiskeli. Kutengeneza alitengeneza, lakini kutengeneza hata mie naweza nikishikiwa spana. Yeye watu walimletea baiskeli kabla hawajainunua, aseme kama ni kitu au si kitu. Walitoka Kibiti, walitoka Dimani, walivuka mto na kivuko kutoka upande wa kusini, muuzaji kashika handeli ya kulia, mnunuzi kashika ya kushoto, hawaaminiani, wamekuja kusikia ulimi wa Fundi.

Mnakumbuka ile miaka ya ruksa ilivyokuja. Kabla ya hapo baiskeli ilikuwa ya aina moja, nyeusi, nzito kama mlango wa msikiti, na kuipata mpaka kibali. Babu yangu alisubiri kibali muda mrefu hata kilipofika alikuwa keshasahau kuendesha. Halafu ruksa ikafunguliwa, na asubuhi moja tunaamka, stendi nzima nyekundu, kijani, zambarau! Baiskeli za milima. Matairi mapana kama ya trekta, gia kumi na nane, nyingine zina shokapu mbele, ukizikalia zinakubembeleza. Na sisi huku bondeni mlima tunaoujua ni kichuguu. Lakini ufuta ulikuwa umepata bei, na watu wa visiwani walikuwa wanavua kamba wanauza kwa makampuni, kila mwanamume akataka baiskeli ya milima. Nilimjua mtu wa Maparoni, huko huko visiwani, aliyenunua moja, na kwao kutoka nyumbani hadi kwa jirani anapanda mtumbwi. Akawa anaiweka mtumbwini, anapiga kasia, anafika, anaishusha, anaiegemeza ukutani kwa jirani, anasalimia, anarudi nayo.

Kusoma tulikuwa hatusomi, wengi wetu. Baiskeli tuliijua kwa picha iliyobandikwa. Kulikuwa na ya Tai, kulikuwa na ya Chui, kulikuwa na ya Radi. Watu waligombana msikitini kwa ajili ya Tai na Chui. Ya Tai wakisema inadumu, ya Chui wakisema ina mbio, ya Radi wakisema ya vijana wasio na akili. Fundi yeye alikuwa na ukucha wa kidole gumba, mrefu mpaka ukimpa mkono unaanza kuusalimia wenyewe. Muuzaji anasema, "Tai hii, Fundi, Tai halisi." Fundi anapitisha ukucha pembeni ya picha, anabandua taratibu kama anamenya ndizi, na chini ya Tai anatokea Chui. Anabandua Chui, anatokea Radi. Mara moja, naapa, chini ya Radi alitokea mwanamke ana chupa ya mafuta ya nywele.

"Baiskeli haijui imebandikwa nani," alikuwa akisema. "Tuulize gololi."

Alikuwa na kipande cha kioo, kile cha kabati. Anafungua habu, pale katikati ya gurudumu, anatoa gololi moja, anaifuta mafuta, anaiviringisha juu ya kioo. Ikienda sawa, ananyamaza. Ikienda inapepesuka kama mtu katoka ngomani, anamtazama muuzaji mpaka muuzaji anatazama viatu vyake. Halafu anaibinua baiskeli miguu juu, anazungusha gurudumu la mbele, na hapo alikuwa haliangalii. Anageuza uso pembeni, anaangalia vitumbua, anasikiliza tu. Halafu anagonga fremu kwa kijiko cha chai, juu, kati, chini. Halafu anainyanyua nzima kwa kidole kimoja chini ya siti. Akiona nzito anauliza, "Nyumba gani wamekosa bomba la maji leo?"

Thamani hakuitaja kwa shilingi. Alisema shilingi inabadilika mtu hajafika nyumbani. Alitaja kwa mbuzi. "Hii mbuzi watatu." "Hii mbuzi wawili, na mmoja anachechemea." Kuna mtu wa Kibiti alikuja na baiskeli inang'aa, ina taa, ina kengele mbili, ina maua ya plastiki kwenye spoku, Fundi akaizunguka, akasema, "Hii kuku. Na kuku mwenyewe umuache kwanza atage."

Lakini yote hayo yalikuwa bismillahi tu. Kilichotukusanya stendi nzima ni ulimi.

Anachomoa siti na nguzo yake. Anachukua njiti ya ufagio wa makuti, mpya, anaitumbukiza kwenye lile bomba la fremu mpaka chini kabisa, anaisokota, anaichomoa. Anafumba macho. Anailamba. Hapo wallahi hata makondakta wa mabasi walikuwa wananyamaza, na kondakta kunyamaza mmeshawahi kuona wapi?

Alikuwa anatafuta chumvi. Baiskeli ikivushwa kwenda visiwani inakaa kwenye maji ya mtumbwi, ikifika inasukumwa kwenye tope la mikoko maji yakiwa yametoka, na yale maji ya chumvi yanaingia ndani ya bomba, hayatoki. Yanakauka humo, yanaanza kula chuma kutoka ndani kimya kimya. Mwenyewe akiona cheni imeanza kulia anaiuza rahisi pale Nyamisati kwenye maboti, mlanguzi anaipaka rangi, anabandika Tai, anakuja nayo Ikwiriri anasema imetoka Dar jana. Nje bibi harusi, ndani imeoza. Siku moja, uko mteremkoni, fremu inakatika vipande viwili, wewe unabaki umeshika handeli kama mtu aliyepewa pembe za ng'ombe.

Hukumu zake zilikuwa nne. Ikiwa nzuri kabisa alisema, "Baiskeli." Neno hilo tu. Watu walichinja kuku kwa neno hilo. Ya pili, "Itafika." Ya tatu, "Pambo." Na ya nne, ile muuzaji akiisikia anatafuta basi la kwanza kuondoka, "Imelala Maparoni."

Watu wa Maparoni ilikuwa inawaudhi. Mvuvi mmoja mzima, kifua kama ngoma, alikuja akamsimamia bandani. "We Fundi, sisi tumelala Maparoni toka tuzaliwe. Mbona hatujaoza?"

Fundi akaendelea kukaza nati. "Nyie mnaoga, mjomba. Hii haijaoga."

Yule mvuvi akacheka mpaka akanunua vitumbua vya watu wote. Ningesema mie ningepigwa.

Basi na mie nikafungua ukaguzi wangu. Mwaka ule nilikuwa kijana, sina kazi ya maana, na niliona kulamba njiti si elimu ya chuo. Kwanza nikajifundisha nyumbani. Nilipanga vifuu vya nazi, kimoja maji ya kisima, kimoja maji ya mto, kimoja maji ya chumvi, kimoja maji yenye kutu ya misumari, nafumba macho nalamba njiti moja moja. Miezi mitatu. Mama akadhani nimerogwa. Lakini ulimi ulishika, na hili ni kweli, hata mkicheka: nilikuwa naweza kutofautisha chumvi ya bahari na chumvi ya duka. Nikaweka kigoda changu ng'ambo ya barabara, nikaita watu. Siku nzima hakuja mtu. Jioni akaja mmoja, nikaona neema imeshuka, kwa pupa nikalamba hata kabla sijachomoa siti. Nililamba fremu yenyewe, kwa nje. Rangi ilikuwa haijakauka. Ulimi wangu ulikuwa wa kijani siku nne, na kwa ile furaha ya kupata mteja nilimwambia, "Baiskeli!" Haikufika msikitini ikakatika.

Fundi alinipelekea maziwa. Ndiyo, alivuka barabara mwenyewe na kikombe. "Kunywa," akasema, "rangi ile mbaya." Mnaona mtu alivyokuwa anatesa? Angenicheka ningepona upesi.

Sasa niwaambie la ajabu lake. Yule mtu, mkaguzi wa baiskeli wa bonde zima, alikuwa hajui kuendesha. Baiskeli alikuwa nayo, nyeusi, safi, mnaijua, lakini alikuwa anaisukuma. Asubuhi anakuja anaisukuma, jioni anarudi anaisukuma, mzigo kwenye keria, yeye pembeni. Watu waliona ni adabu. Walisema anaihurumia. Mie nikasema hapana, hapa pana jambo. Siku moja baada ya alasiri nikamfuata nyuma ya kiwanja cha mpira. Nikajibanza kwenye kichaka. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akapandisha kanzu, akaweka mguu kwenye pedeli. Akaanguka. Akainuka, akajipangusa, akapanda. Akaanguka upande wa pili. Mara ya tatu alikwenda kama hatua kumi, akaingia kwenye miba, akakaa humo kitambo anawaza.

Nilicheka mpaka nikakosa pumzi. Nikakimbia stendi. Nimeipata dawa yake! Nikapanda juu ya kigoda nikatangaza, "Jamani! Fundi hajui kuendesha baiskeli! Nimemwona kwa macho yangu, kaanguka mara arobaini!"

Mama muuza vitumbua akageuza kitumbua. "Mara arobaini?"

"Arobaini kamili, mama. Mwisho akaangukia nyoka."

"Haya," akasema, "na nyoka naye kaanguka mara ngapi?"

Stendi nzima ikaangua kicheko, na hapo ndipo nilipoipoteza ile dawa. Ningesema tatu ningeaminiwa. Mdomo wangu haujui tatu. Na baadaye, ilipokuja kujulikana kweli kwamba hajui kuendesha, mnadhani walimcheka? Walisema, "Ndiyo maana hapendelei. Mtu anayependa kuendesha ataona kila baiskeli tamu." Hata kuanguka kwake kukawa cheo. Mie nikianguka naitwa mlevi.

Nimefika kwenye jambo lenyewe. Kuna binti anaitwa Zuhura. Sasa hivi ni mama watoto wangu, yuko ndani hapo anasikia. Baba yake Mmatumbi, katoka vilimani kule kusini akaja kulima ufuta kwetu. Nilipotuma wazee kuposa, aliwajibu, "Mengine tutaelewana. Mimi nataka baiskeli ya milima. Nyie watu wa bondeni mnainunua mnaendea shamba la mpunga. Mimi kwetu mlima upo, na ndugu zangu wako juu yake. Nataka nipande nayo wanione."

Wazee wakasema ataipata.

"Na Fundi aikague kwanza," akasema. "Kijana wenu nimeshamsikia akiongea."

Nikauza ufuta wangu wote. Haukutosha baiskeli ya dukani. Nikashuka Nyamisati, nikapata moja nyekundu, Tai, gia kumi na nane, shokapu mbele, nzuri hata ungeiposa yenyewe. Nikachomoa siti, nikatumbukiza njiti, nikalamba. Chumvi. Chumvi ya Maparoni, naijua. Lakini bei ilikuwa ya mfuko wangu, na nyingine haikuwepo, na kulikuwa na kijana wa Kibiti mwenye duka anazungukazunguka kwa kina Zuhura na mkungu wa ndizi.

Nikainunua. Nikaapa nitamshinda yule mzee kwa ulimi wake mwenyewe. Nikaiweka uani, nikaibinua, nikamimina maji ya kisima kwenye bomba ndoo kwa ndoo. Nikalamba, bado. Nikamimina maji ya ukwaju yakae usiku mzima. Nikalamba, kwa mbali bado. Basi nikachemsha maji na sukari, yakawa mazito kama ya kashata, nikayazungusha humo ndani, nikakausha juani. Nikalamba. Hakuna chumvi! Nikalala nimeikumbatia.

Siku ya ukaguzi walikuja watu hata wasio na baiskeli. Baba Zuhura kavaa kofia mpya. Fundi akaitazama.

"Ya nani hii?"

"Ya baba mkwe, inshallah," nikasema.

"Mkwe bado," akasema Baba Zuhura. "Mpaka Fundi aseme."

Ukucha ukapita kwenye Tai. Tai wa kweli. Gololi ikateleza kwenye kioo sawasawa. Gurudumu likaimba. Fundi akainyanyua kwa kidole, akatikisa kichwa kidogo, kwa kukubali. Mie tayari nasikia ngoma za harusi. Njiti ikaingia, ikasokotwa, ikatoka. Akafumba macho, akalamba.

Akafumbua jicho moja.

Akalamba tena. Watu wakashtuka, hakuna aliyewahi kumwona akilamba mara mbili. Akaomba maji, akasukutua, akalamba mara ya tatu.

"Fundi," akasema mama muuza vitumbua, "unakagua au unakula?"

"Hebu onja na wewe, mama."

Mama akaonja. Akalamba midomo. "Sukari," akasema. "Na ukwaju kidogo."

Fundi akairudisha siti mahali pake, akaifuta kwa kitambaa, akasema, taratibu kama kawaida yake, "Hii imelala Maparoni, ikaamkia harusini."

Jamani. Kile kicheko kilisikika Utete. Basi moja lilipitiliza stendi, dereva kafa kwa kicheko. Mie nilitafuta shimo niingie, sikulipata, na lile bomba la baiskeli lilikuwa dogo. Baba Zuhura alikuwa keshageuka, kofia mkononi.

"Ngoja, mzee," Fundi akamwambia. "Umeniletea vitu viwili. Nimekagua kimoja."

Akaja kwangu. Akanizunguka. Akanigonga kifuani na kile kijiko cha chai, juu, kati, chini. Watu wanalia machozi.

"Nani kaosha hili bomba?"

"Mie."

"Siku ngapi?"

"Saba," nikasema.

"Tatu," akasema. "Zingekuwa saba siafu wangekuja nayo." Akamgeukia Baba Zuhura. "Mzee, huyu muongo. Lakini kaosha mpaka chini kabisa, pale ambapo hata mafundi hawafiki. Itafika."

Ndivyo nilivyooa. Baba Zuhura alicheka, akakubali, na Fundi akatoa fremu kuukuu ya kijani isiyo na picha yoyote, isiyoijua bahari, akahamishia gia zangu, magurudumu yangu na shokapu zangu. Mzee alivuka nayo mto, akapanda nayo kwao, ndugu wakamwona, na aliporudi magoti yalikuwa yanamtetemeka wiki nzima kwa raha. Nampenda mke wangu. Lakini hebu nyie fikirini, mwanamume unapata mke kwa neno la mtu mwingine! Na neno lenyewe si hata la kwanza, ni la pili! Mpaka leo tukikorofishana, Zuhura anasema, "Fundi alisema utafika. Nakusubiri."

Siku ya maziko yake watu walijaa kutoka msikitini hadi stendi. Hata wauzaji aliowaharibia biashara walikuja, wakawa wanagombea kubeba. Nilibeba na mie, nikawa nahesabu vichwa, najiuliza maziko yangu watakuja wangapi, na nikiwaambia nimekufa wataamini? Nikaona wivu mtu yuko kwenye jeneza.

Lakini hilo nimelirukia. Kuna la kabla yake, la mwaka wake wa mwisho, na hilo sijalisema kwa watu mpaka leo. Alipokuwa hai sikuthubutu. Sasa nasema, kwa sababu mkilirudia kwa watu mtaulizwa nani kawaambia, mtasema Redio, na siri yake itabaki salama.

Daraja lilikuwa limeshajengwa, kivuko kimekwisha, pikipiki zimejaa kila mahali. Banda lake lilikuwa limebaki nusu. Zuhura alikuwa ameniambia jambo wiki ile, kalisikia kwa mke wa Fundi. Yule mama alikuwa kapika mchuzi, kasahau chumvi, mzee kala, kashukuru. Siku ya pili akaacha kutia makusudi, mzee kala, kashukuru. Mie nikasema ni heshima za uzeeni. Nilipita bandani tu kumsalimia, yaani kuona kama kazeeka kuliko mimi.

Nikakuta kijana muuzaji, miwani meusi, baiskeli ya milima ya bluu. Mnunuzi alikuwa mwalimu, dada mgeni, kapangiwa shule kule vilimani kwa kina baba mkwe wangu. Kila siku atapanda, na kila siku atashuka. Watu kidogo walikuwa wamekusanyika, wale wa zamani.

"Mzee, hii haina haja ya kulambwa," akasema kijana. "Kontena la jana."

"Fundi ndiye niliyeambiwa nimuulize," akasema mwalimu.

Fundi akafanya yake yote. Ukucha, kioo, gurudumu, kijiko. Njiti ikaingia, ikatoka. Ikafika karibu na mdomo wake ikasimama. Akanitazama. Miaka yote ile yule mtu hajawahi kunitazama akiwa anahitaji kitu.

"Redio," akasema kwa sauti, "nishikie hii, jicho limeingia vumbi." Nilipoinama kuipokea akasema chini chini, "Onja. Mie chumvi toka masika siisikii tena."

Nikaelewa mchuzi.

Nikajifanya nachokonoa meno. Kijana wa miwani akapiga makofi. "Ona, mzee mwenzio anachokonolea meno kipimo chako!" Watu wakanicheka, nimeshazoea. Na ile njiti iko ulimini kwangu, na ulimi wangu haukuwa umesahau vile vifuu vya nazi. Chumvi. Tena nyingi.

Niwaambie ukweli wangu. Nilisimama pale muda ambao nyie mnaona mfupi, mie niliona msimu mzima. Ningesema ni safi, angetangaza "Baiskeli," mwalimu angeondoka nayo, na wiki ijayo ingekatika, na Ikwiriri nzima ingejua ulimi umekufa. Maziwa yale ya kikombe, harusi, kijiko kifuani, yote ningekuwa nimelipiza bila kunyanyua mkono. Niliangalia viatu vya yule mwalimu. Viatu vya shule, vipya, vya kamba.

Nikamrudishia njiti. "Chumvi," nikamwambia sikioni.

Akailamba mbele za watu, akafumba macho, kama zamani. "Imelala Maparoni."

"Uongo!" kijana akaruka. Fundi akaweka ukucha pale chini panapokutana mabomba, akakandamiza. Rangi ya bluu ikapasuka, unga mwekundu ukamwagika chini kama pilipili. Mwalimu akashika mdomo. Watu wakapiga kelele, "Ulimi wa mzee! Haujazeeka! Ulimi wa mzee!" Wakamshika mabega, wengine wakamshika ndevu. Hapakuwa na mtu hata mmoja aliyenitazama mie. Ulimi ulikuwa wangu, sifa zake. Nilisimama nina ladha ya chumvi mdomoni, nina wivu mpaka masikio yananiunguza.

Kijana akaondoka na baiskeli yake, mwalimu akaambiwa arudi kesho atafutiwe fremu. Watu wakatawanyika. Tukabaki wawili, yeye anafuta kile kijiko. Nikasema haya, Fundi, nimekwenda. Nimefika barabarani ndipo akaniita.

"Redio."

"Naam."

Alikuwa kageuza uso, anaangalia pale vilipokuwa vitumbua zamani, vile alivyokuwa anageuka kusikiliza gurudumu.

"Baiskeli," akasema.

Nikageuka nione nani kasikia. Hakuna. Hata mbuzi.

Nikaenda nyumbani mbio, na miaka yangu hii. Zuhura alikuwa anapepeta mchele. Nikamwambia Fundi kasema nini, kwamba kaniambia mie, mimi mwenyewe. Hakunyanyua uso.

"Kasema mara ngapi?"

"Mara moja," nikasema.

Ungo ukasimama. Akaniangalia kama vile ndiyo leo nimekuja kumposa.

"Basi kasema," akasema Zuhura.